Tano Mpaka Chini

Chapchap alikiri kabla sijavuta kiti.

"Niliandika bila kuangalia," akasema. "Usijisumbue, mama. Nilikaa mezani nikajaza tano mpaka chini, nikapiga picha, nikatuma."

Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu alikifanya mbio mbio. Alikuwa mtunza ghala wa Ghala la Tatu, baba wa watoto wawili, na tangu juzi alikuwa mahabusu. Chumba walichotupa pale kituoni kilikuwa na meza yenye mguu mbovu; ukiiegemea inakukimbia. Nikaweka mikono yangu mapajani.

"Siku ngapi uliandika hivyo?"

"Wiki tatu hivi. Labda nne."

"Na Mama Mkwe hakukuuliza?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Mama Mkwe ndilo jina ambalo wafanyakazi waliibatiza programu ya akili bandia ya kampuni yao, kwa kuwa inachungulia kila sufuria na hairidhiki. Kila jioni mtunza ghala anaipiga picha karatasi yake ya vipimo vya baridi na kuituma. Programu inaisoma, na ikiona namba zinafanana mno, au wino wa siku nzima umeandikwa kwa mkupuo mmoja, inatuma swali kwenye dawati la uhakiki. Hapo mtu lazima ainuke, aende ghalani, akaangalie kwa macho yake.

"Hapo ndipo nilipoponzeka," akasema Chapchap. "Siku ya kwanza nilisahau tu. Mwanangu alikuwa anaumwa, akili yangu haikuwepo. Jioni nikajaza tano tano, moyo unadunda, nikangoja swali. Halikuja. Kesho yake nikajaribu tena. Kimya. Nikasema, kumbe siku hizi hata haiangalii."

"Kwa hiyo ukaacha na wewe kuangalia."

"Nikaacha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yule binti alikuwa na miaka mingapi, mama?"

"Kumi na tisa."

Nami nilikuwa na la kufanya. Saa kumi jioni jalada lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na ndani yake kulikuwa na jina moja tu, la huyu niliyekaa naye. Kama nisingepeleka neno jingine, angekibeba kifo kile peke yake.

Yaliyotokea yalikuwa yanajulikana. Kampuni ina maghala matatu ya dawa zinazotunzwa kwenye baridi, na dawa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi mbili na nane. Kidhibiti cha baridi cha Ghala la Tatu kilikwama, joto likashuka chini ya sifuri kwa siku mbili, insulini ikaganda. Baadaye kidhibiti kikaachia chenyewe, insulini ikayeyuka, ikapakiwa, ikasambazwa. Insulini iliyoganda imekwisha kazi, lakini ukiishika mkononi mara nyingi huoni tofauti. Binti yule alikuwa mgonjwa wa kisukari tangu utotoni. Alijichoma sindano zake zote kwa saa zake, kama alivyofundishwa, na siku ya tatu akafa.

Mimi nakagua maghala ya dawa kwa niaba ya Mamlaka inayosimamia dawa, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nimeona wezi, nimeona wavivu, nimeona wanaofuta tarehe kwa asetoni. Mtu kujaza karatasi bila kuangalia si jambo geni kwangu. Ni ugonjwa wa kila ghala. Kilichonikaa kooni ni ile mashine. Ilinunuliwa kwa ajili ya karatasi kama ile hasa. Ilikuwaje siku sufuria inaungua, Mama Mkwe hakusikia harufu?

Nje ya geti la kampuni nilimkuta mama wa marehemu. Ilikuwa siku yake ya nne pale, kwenye kiti cha plastiki alichopewa na mlinzi. Hakupiga kelele, hakushika bango. Alikaa tu na mkoba wake mapajani, na magari ya mizigo yakawa yanapunguza mwendo yakimpita.

"Umeshajua?" akaniuliza. Hakunisalimu, na sikumlaumu.

"Bado, dada yangu."

"Wanasema ni yule waliyemkamata."

"Ni mmojawapo. Sidhani kama yuko peke yake."

"Mimi sitaki wengi," akasema. "Nataka kuelewa. Mwanangu hakukosea hata sindano moja. Nilikuwa namhesabia."

Nilimshika bega nikaingia ndani.

Meneja mkuu alinipokea kwa soda, kama wanavyonipokea wote. Ni mwanamume nadhifu, wa shati lililopigwa pasi mpaka kwapani, na alikuwa na haraka ya kunisindikiza kabla sijakaa.

"Kijana amekiri, mama. Sasa tunahangaikia nini?"

"Nahangaikia hii." Nikamwekea barua mezani. Niliipata jana yake kwenye jalada la mawasiliano, imebanwa katikati ya risiti za matairi. Ilikuwa na sahihi yake, ya miezi sita nyuma, kwenda kwa waliowauzia programu. *Tunaomba mpunguze idadi ya maswali yanayotumwa na mfumo. Yanachelewesha kazi na wafanyakazi wanalalamika.*

Aliisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Aliinua ile soda yangu akainywa yeye.

"Hili ni jambo la kawaida," akasema. "Maswali yalikuwa mengi."

"Na baada ya barua yakakoma."

"Yalipungua."

"Yalikoma, meneja. Nimehesabu. Tangu mwezi ule maghala yote matatu hayajaulizwa swali hata moja kuhusu namba zinazofanana."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilitaka awe yeye. Ingekuwa kesi nyepesi, bosi anayetaka kazi iende haraka, mashine ikafungwa mdomo, mtoto wa watu akafa. Nilimwona tayari amesimama mahakamani na shati lake. Nikamwambia aniitie fundi wa programu, na yeye asitoke ofisini.

Fundi alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, ofisi yake ilikuwa chumba cha zamani cha kuhifadhia mafagio, na mafagio mawili yalikuwa bado yapo. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Barua ya bosi naijua," akasema. "Walikataa. Jibu lao hili hapa." Akalifungua kwenye kompyuta. Wauzaji walijibu kwa adabu zote kwamba kupunguza maswali ni kinyume cha kanuni za ukaguzi, na kwamba hawatagusa chochote. "Na hawakugusa. Kila badiliko linaacha alama. Angalia mwenyewe, mama. Hakuna aliyebadili kitu."

Niliangalia mpaka macho yakaniuma. Kweli hapakuwa na kitu. Meneja wangu akaniponyoka hivi hivi, na nilikereka kama mtu aliyenyang'anywa tonge.

"Basi imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika. Imejifunza."

"Kwa nani?"

"Kwa anayeijibu." Akavuta orodha nyingine. "Inauliza, dawati la uhakiki linakwenda kuangalia, linarudi kujibu: *sahihi* au *si sahihi*. Kila jibu inaliweka akilini. Ndiyo ujanja wake, inatakiwa iwe inazidi kutuelewa. Sasa tazama hapa. Miezi saba iliyopita ilianza kuuliza kuhusu ghala moja. Karatasi zake zote tano mpaka chini. Jibu, *sahihi*. Kesho yake ikauliza tena. *Sahihi*. Mara arobaini na moja, mama. Wewe nikuulize kitu kilekile mara arobaini na moja, kila mara unaniambia hamna tatizo, si nitanyamaza?"

"Na ikanyamaza."

"Ikanyamaza. Na haikunyamaza kwa ghala hilo tu. Yenyewe ilichoelewa ni kwamba karatasi ya tano tupu ni karatasi nzuri. Ya ghala lolote."

Nikaisogelea skrini. Nilitegemea kuona Ghala la Tatu. Haikuwa hivyo. Maswali yote arobaini na moja yalihusu Ghala la Kwanza, lililo upande wa pili wa uwanja, ambako hakuna dawa hata moja iliyowahi kuharibika.

Kuna jambo la kwangu humu ambalo sitalificha. Mwaka jana, kwa sababu ya programu hii hii, Mamlaka ilipunguza ziara za kushtukiza katika kampuni hii kutoka nne kwa mwaka hadi moja. Mashine inaangalia kila siku, tulisema, mkaguzi wa nini? Aliyesaini ni mimi.

"Anayejibu ni nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua dawati lile lina mtu mmoja tu.

"Bi Tiki," akasema fundi, na sauti yake ikashuka. "Lakini mama, yule dada si mtu wa kubonyeza ovyo. Muulize yeyote."

Sikwenda kwake moja kwa moja. Mtu ukimfuata na swali ambalo jibu lake hujalijua, anakupiga chenga. Nilikwenda kwanza Ghala la Kwanza.

Mtunza ghala wa pale walimwita Mzee Barafu. Alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, koti la baridi limefungwa mpaka shingoni, na alinigeuzia uso kabla sijafika, nilipokanyaga kokoto.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, marahaba. Hiyo sauti ya Mamlaka. Karibu, ila vua hivyo viatu vyako vya vumbi, humu ndani ni kama hospitali."

Nilivua. Ghala lilikuwa safi kupita yote niliyowahi kukagua. Maboksi yamepangwa kama meno, lebo zote zimetazama upande mmoja. Mzee alipita kati ya rafu bila kugusa kitu, akinieleza lipi liko wapi, na hakukosea hata boksi moja.

"Una muda gani hapa, mzee?"

"Ishirini na sita. Nimebakiza miezi mitano, wanipe mkono wa kwaheri na saa ya ukutani." Akacheka. "Saa ya nini, na mimi nitakuwa sina pa kuwahi?"

Nilimwomba karatasi ya leo. Tano, tano, tano. Lakini zile tano zilikuwa zinahama. Ya kwanza ilikuwa ndani ya kisanduku chake, ya pili imeukalia mstari, ya tatu imeingia kwa jirani. Nikavuta za wiki iliyopita, na za mwezi uliopita. Hali ilikuwa hiyohiyo.

"Tupime pamoja," nikasema.

Kipimajoto kilikuwa ukutani, cha namba kubwa nyekundu. Nilisimama mbele yake nikainua daftari langu, nikalibandika juu ya zile namba, nikalishikilia hapo.

"Inasoma ngapi, mzee?"

Alisogea. Aliinua uso kuelekea ukutani, akatulia, kichwa amekilaza kidogo upande. Mtambo ulikuwa unanguruma nyuma yetu. Akausikiliza mpaka aliporidhika.

"Tano," akasema.

Nikaondoa daftari. Ilikuwa tano na nukta moja.

"Sawa, mzee wangu," nikamwambia. "Ni tano."

"Huu mtambo mimi nauelewa," akasema kwa furaha. "Ukipata homa nitajua kabla yako. Unavyoimba hivi, hii ni tano. Ukianza kukoroma, hapo ujue umepanda."

"Na anayekuja kuhakiki, huwa anakuta sawasawa?"

"Nani, mwanangu? Yule hata haji kuhakiki. Anakuja kuniamkia. Asubuhi na jioni, hakosi. Mjomba umeamkaje, mjomba umekula? Nimemlea tangu dada yangu alipofariki, akiwa hajaota jino. Watu hapa wanamwita Bi Tiki, mimi namwona ni yuleyule."

Nilitoka nje nikavaa viatu vyangu. Kufunga kamba tu kulinichukua muda.

Bi Tiki alikuwa mezani kwake, kalamu nyekundu ya kuwekea tiki sikioni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye uso ambao watoto wangeukimbilia. Nilifunga mlango na kumwekea ile orodha ya mara arobaini na moja.

"Ulikuwa unabonyeza ukiwa umekaa hapo?"

"Sijawahi kubonyeza nikiwa nimekaa."

"Karatasi ni tano mpaka chini, na wewe umeandika *sahihi* mara arobaini na moja."

"Kwa sababu ilikuwa sahihi." Akafungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Alilisukuma mbele yangu. Lilikuwa na tarehe, saa, na vipimo vya Ghala la Kwanza, asubuhi na jioni, kwa miezi saba, kwa mwandiko mmoja mzuri. Nne nukta tisa. Tano nukta mbili. Nne nukta saba. Hakuruka hata Jumapili.

"Ulijua haoni," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta.

"Daktari alisema hayarudi tena. Cheti nilikiona mimi, kwenye mfuko wa koti lake, nilipokuwa namfulia. Yeye hajui kama nilikiona. Nikasema, amebakiza mwaka. Nitakuwa namwangalizia mimi. Dawa zitakuwa salama, naye atatoka kwa heshima yake. Na zilikuwa salama, mama mkaguzi! Ghala la Kwanza halijaharibikiwa hata kichupa."

"Kwa nini hukumwambia meneja? Angempa kazi nyingine."

"Meneja? Angemtoa siku ileile. Na mjomba bila lile ghala utamweka wapi? Akae nyumbani anasikiliza nini?"

"Na programu? Hukujua kwamba inajifunza kwa majibu yako?"

"Semina ilikuwa nusu siku. Walituambia, nenda uangalie, rudi ujibu. Mimi nikaenda, nikaangalia, nikajibu. Hakuna aliyeniambia kwamba nikiijibu ya Kwanza inaisikilizia na ya Tatu." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ilipoacha kuuliza nilishukuru Mungu. Nilisema, haya, imemwachia mzee wa watu apumzike. Jamani, nimemuua mtoto wa watu. Mama yake yuko pale getini, kila asubuhi nampita, namwambia pole."

Nilimwacha alie. Kidhibiti kilikwama, Chapchap hakuangalia, mashine ilinyamaza, na mkaguzi wa kuja kushtukiza alikuwa ameketi ofisini kwa uamuzi aliousaini mwenyewe. Kila mmoja wetu alikuwa na sehemu yake. Lakini sehemu ya huyu dada ilitoka kwenye huruma, na nadhani ndiyo maana ilinichoma kuliko zote.

"Niandike mimi," akasema alipoweza. "Andika nilikuwa mvivu. Andika nilikuwa nabonyeza tu, nitasaini. Ila macho ya mjomba usiyaandike. Nakuomba kwa chochote unachokipenda."

"Nitaandika nilichokiona."

"Mama..."

"Kuna mtu mahabusu, dada yangu. Na kuna mama getini anayetaka kuelewa."

Niliandika kwa saa nzima, kwenye meza yake, kwa kalamu yangu. Aya sita. Ya kwanza ilikuwa ya kidhibiti, ya pili ya Chapchap. Ya tatu ilihusu Ghala la Kwanza na hali ya macho ya mtunzaji wake. Ya nne ilieleza majibu arobaini na moja na jinsi programu ilivyoyachukua, pamoja na ziara zetu zilizopunguzwa na sahihi iliyozipunguza. Ya tano ilimhusu marehemu. Ya sita ilikuwa mapendekezo. Kanuni zetu zinataka kila anayetajwa aliyepo kazini ayasikie matokeo yote, neno kwa neno, na atie sahihi kwamba ameyasikia, kabla karatasi haijatoka kwenye jengo. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Mzee Barafu aliletwa. Alikaa, akapapasa meza kidogo, akapewa nakala yake. Aliishika kwa heshima, akaigeuza upande huu na ule.

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema. "Mwanangu, nisomee wewe."

Bi Tiki alinitazama. Nilikuwa na nakala yangu mkononi. Nikamwashiria asome.

Alianza vizuri. Alisoma kidhibiti, akasoma Chapchap na wiki zake. Sauti ilikuwa imara, sauti ya mtu aliyezoea kusomea wakubwa. Kisha akavuta pumzi, akasoma: "Kati ya mwezi ule na huu, programu ilituma maswali arobaini na moja..."

Ilikuwa aya ya nne.

Alikuwa ameiruka ya tatu. Aliendelea kusoma bila kuniangalia, kidole chake kinafuata mistari, na mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, amefumba macho, ametulia. Miezi mitano tu. Angesaini, ningechukua karatasi yangu, na mzee angejua baadaye, au asijue kabisa. Ningeweza kunyamaza. Nani angenilaumu? Nilitaka kunyamaza, nasema kweli.

Lakini nilikuwa nimetoka kuandika aya nzima juu ya watu walionyamaza kwa wema.

"Rudia aya ya tatu," nikasema.

Bi Tiki akaacha kusoma. Mzee akafumbua macho.

"Kuna ya tatu?" akauliza.

"Ipo, mjomba."

"Mbona umeipita?"

Alirudisha kidole juu. Akaisoma, neno moja moja, na kila neno lilimtoka kama anang'oa meno yake mwenyewe. *Mtunzaji wa Ghala la Kwanza hana tena uwezo wa kusoma kipimajoto. Mhakiki alilifahamu jambo hili kwa miezi saba, akasoma kipimajoto kwa niaba yake bila yeye kujua.* Nje gari la mizigo lilikuwa linarudi kinyumenyume, linalia pipi-pipi, nikalilaani kimoyomoyo.

Mzee alingoja mpaka gari likazimwa.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, mjomba."

"Kila asubuhi ulipokuja."

"Kila asubuhi. Na nilikuwa nakuja kukuamkia pia. Vyote viwili, wallahi."

"Mimi nilidhani nimekuficha." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani, nahesabu hatua, ili usinione nikijikwaa."

Bi Tiki aliweka paji la uso juu ya mkono wa mjomba wake. Mzee akampapasa kichwa, polepole, kama mtu anayehakikisha ni yeye. Mimi nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu, na sikuwa na moyo wa kumhimiza mtu.

Yeye ndiye aliyejihimiza.

"Hiyo karatasi," akasema, "inamtaja huyo mtoto aliyekufa?"

"Aya ya tano."

"Basi soma. Na hiyo usiiruke."

Bi Tiki alinyanyua kichwa, akajifuta kwa ukosi wa gauni lake, akasoma. Alisoma miaka kumi na tisa. Alisoma tarehe ya sindano ya kwanza na saa yake, ya pili na saa yake, mpaka ya mwisho, na kwamba hakuna hata moja iliyokosewa. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo inahesabu. Bi Tiki alipofika mwisho, mzee akanyoosha mkono, akausimamisha hewani kabla mpwa wake hajaingia aya ya sita.

"Hapo," akamwambia. "Anza tena hiyo ya tano."